Trekta limegoma? Injini iwe ya mwisho kufunguliwa

Mzee mmoja kutoka Kinango alitufikia karakanani Jomvu, Mombasa, na Massey Ferguson 240 juu ya lori, mfuniko wa lifti (mikono ya nyuma inayoinua plau) umefunguliwa, oili yote imemwagwa. Fundi wa huko alishamwambia pampu ya haidroliki imekufa, akachukua nusu ya malipo, akaenda zake. Tulirudisha mfuniko, tukatia oili mpya, kisha kijana wetu akainama chini ya kiti akausukuma wenzo wa PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine zinazofungwa kwenye trekta) uliokuwa umekaa katikati. Mikono ya lifti ikapanda. Kwenye Massey za ukoo huo pampu ya haidroliki huzungushwa na shafti ya PTO. Wenzo ukiwa huru, pampu haizunguki hata injini iwe mpya. Mzee alicheka kwanza, halafu akanyamaza, maana nauli ya lori ilikuwa imeshakwenda.

Sisi mafundi tunapenda kufungua. Kufungua kunaonekana ni kazi, na kazi inayoonekana ndiyo inayolipwa. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanza na kisichokugharimu kitu, unafuata cha bei ndogo, na injini unaiacha nyuma kabisa.

Ninayozungumzia ni matrekta ya kati, ya nguvu za farasi 45 hadi 90 hivi: Massey 135, lililotoka mwaka 1964 na mpaka leo linalima, pamoja na ndugu zake 240, 290, 375 na 385, Ford 5000 na 6610, New Holland na John Deere za ukubwa huo, na ya Kihindi kama Mahindra na Sonalika. Masika yanalima Shimba Hills, Lunga Lunga na Kinango. Msimu ukipita yanarudi Kisauni na Miritini kuvuta trela za mawe na matangi ya maji.

Hatua ya kwanza: zungumza na dereva

Kabla ya spana, maneno. Na umuulize dereva kwa upole, maana akiogopa kukatwa mshahara atakuficha lile moja unalolitaka. Lilizimika ghafla au lilififia kidogo kidogo? Dizeli ya mwisho ilitiwa lini, na ilitoka wapi? Moshi ulikuwa wa rangi gani? Kuna mtu aliyeligusa kabla halijaharibika, hata kwa kubadilisha betri tu?

Jibu la swali la kwanza peke yake linakupunguzia nusu ya kazi. Injini ya dizeli iliyozimika ghafla, kama mtu amezima taa, mara nyingi imekatiwa dizeli: waya wa kuzimia umenasa, bomba la tenki limejifunga, paipu imechomoka. Iliyofifia kwa dakika kumi huku ikikosa nguvu ina kitu kinachoziba. Na iliyozimika kwa kishindo au kwa mlio wa chuma, usiiwashe tena hata kwa kujaribu. Hiyo ndiyo pekee inayoruka hatua zote hizi.

Hatua ya pili: dizeli

Hapa nitakaa sana, kwa sababu matrekta mengi yanayoletwa kwetu kwa jina la “injini imechoka” huwa yana shida ya dizeli tu.

Anza juu. Fungua kifuniko cha tenki wakati injini imefifia. Ukisikia linavuta hewa na injini ikapata nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba kwa vumbi na grisi. Lizibue kwa sindano, umemaliza.

Kama si hilo, kinga dizeli kutoka chini ya filta kwenye chupa ya kioo, uiache itulie robo saa. Maji hukaa chini, na mpaka wake utauona wazi kabisa. Kwetu Pwani hewa ina unyevu mwingi. Tenki likilala nusu tupu, usiku unyevu huganda ndani na kutiririka chini. Ndiyo maana tenki hujazwa jioni baada ya kazi, si asubuhi. Drumu la akiba nalo likisimama wima uani, mvua hukusanyika juu yake na kunyonywa ndani kupitia kifuniko. Lilaze ubavu, vifuniko vyote viwili vikiwa usawa mmoja, ili dizeli ivifunike kwa ndani.

Mwenye trekta ataniambia ni kijiko kimoja tu cha maji. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Pampu ya dizeli ya mzunguko, ile ya chapa ya CAV iliyofungwa kwenye Massey nyingi zenye injini ya Perkins, haina oili yake: inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Kijiko hicho kikifika kwenye vyuma vilivyosagwa kwa kipimo chembamba kuliko unywele, kutu huanza usiku huohuo. Mafuta taa yaliyochanganywa ndani ya dizeli yana madhara ya namna hiyo kwa njia nyingine, kwa sababu ni membamba na hayalainishi vizuri. Mwaka 2018 serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa kwa sababu ya wachakachuaji, lakini pua yako isistaafu. Ukinunua kwa mitungi njiani, nusa.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Chukua mtungi safi wa lita 5, utie dizeli unayoiamini, uuning’inize juu kuliko injini, kisha upeleke mpira moja kwa moja kwenye mlango wa filta ukiruka tenki na paipu zake. Washa. Injini ikikaa vizuri na kuvuta, kosa liko nyuma ya filta: takataka tenkini, paipu iliyopasuka inayonyonya hewa, au pampu ndogo ya kuvuta dizeli ambayo mpira wake umekauka. Ikiendelea kufifia, badilisha filta. Isipopona hapo, ndipo uanze kuishuku pampu kubwa na nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda.

Ukishafungua chochote kwenye njia ya dizeli, hewa imeingia, na injini haitawaka mpaka uitoe. Mpangilio ni huu:

1. Safisha kwa brashi na dizeli kuzunguka filta na pampu kabla ya kulegeza chochote. Mchanga ukiingia hapa umejitafutia kazi kubwa kuliko ile uliyokuja nayo.
2. Jaza tenki angalau nusu, fungua bomba lake, na hakikisha waya wa kuzimia umerudi ndani.
3. Legeza skrubu iliyo juu ya filta. Piga ule wenzo mdogo wa mkono kwenye pampu ya kuvuta mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Wenzo ukiwa mlegevu hausukumi kitu, zungusha injini kidogo kwa stata halafu ujaribu tena. Wengi huinunua pampu mpya hapa kumbe injini ilisimama tu mahali ambapo imeushikilia wenzo.
4. Kwenye pampu ya CAV kuna skrubu mbili za kutolea hewa, moja ubavuni na nyingine kwenye mfuniko wa juu. Anza na ya ubavuni.
5. Legeza nati za paipu mbili kwenye nozeli, sukuma wenzo wa moto, yaani wa kuongeza dizeli, mpaka mwisho, piga stata. Dizeli ikirushwa kwa nguvu, kaza. Injini itaanza kukohoa.

Stata isizidi sekunde 15 kwa mpigo mmoja. Iache ipoe dakika moja. Na mkono usiuweke mbele ya paipu au nozeli inayorusha: dizeli ya shinikizo lile hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali hata kama linaonekana kama mdomo wa sindano.

Ikiwa umefanya yote haya na trekta bado halina nguvu, pampu na nozeli zipelekwe mahali penye benchi la kuzipimia. Pampu haifunguliwi juu ya gunia chini ya mwembe. Atakayekwambia anaiweka sawa kwa kusikiliza tu, mshukuru, mpe chai, ondoka na pampu yako.

Hatua ya tatu: soma moshi, sikiliza pumzi

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Angalia filta ya hewa kwanza. Massey za zamani zina bakuli la oili chini ya filta. Vumbi la Kinango linaligeuza uji ndani ya siku mbili tatu za haro wakati wa kiangazi. Mwaga, osha, tia oili mpaka alama, wala usizidishe, kwa sababu oili iliyopita alama inaweza kunyonywa na injini ikakimbia yenyewe bila kushikika. Filta za karatasi hugongwagongwa polepole na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje, wala haziogeshwi kwa petroli. Moshi mweusi wakati plau imezama sana kwenye dongo zito si ugonjwa. Punguza kina au shuka gia.

Moshi mweupe asubuhi unaokwisha baada ya dakika chache ni dizeli isiyoungua, usikuhangaishe. Usiokwisha, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

Kabla hujakubali kwamba ringi za pistoni zimekwisha, fanya hivi. Injini ikiwa ya moto na inazunguka taratibu, fungua kifuniko cha kutilia oili, ukigeuze juu chini, ukiweke juu ya tundu bila kukaza. Kikitetemeka kidogo, injini ni mzima wa umri wake. Kikirukaruka au kikatupwa, gesi inapita kando ya pistoni na hapo ndipo mazungumzo ya kufungua injini yanapoanza. Kama kimetulia na trekta halina nguvu, rudi kwenye dizeli na hewa. Na kabla ya kwenda mbali, pima nafasi ya valvu. Kwenye Perkins ya silinda tatu, AD3.152, ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kazi hiyo ni ya saa moja na kipimo cha bei ya soda chache, lakini nimeona matrekta yaliyokaa miaka bila mtu kuigusa.

Hatua ya nne: joto

Mshale wa joto ukipanda, usizime papo hapo wala usimwage maji baridi. Ondoa mzigo, iache injini izunguke taratibu dakika chache, kisha zima. Maji baridi kwenye hedi ya moto huipasua, na kifuniko cha rejeta la moto kikifunguliwa huchoma uso.

Ukaguzi uanze mbele ya rejeta, palipo na mbegu za nyasi, makapi na manyoya ya kuku. Puliza kutoka upande wa feni kwenda nje, kinyume na njia yalikoingilia. Feni belti ikibonyezwa kwa dole gumba katikati inatakiwa ishuke kama sentimita moja. Hayo mawili yanamaliza kesi nyingi.

Halafu ulizia maji. Hapa Mombasa visima vingi ni vya maji ya chumvi, na ndiyo yanayotiwa rejetani kwa sababu ni ya bure. Yanakula alumini, yanaacha ukoko ndani ya hedi, na ukoko ule hauonekani mpaka siku injini inapochemka katikati ya shamba. Tia maji ya mvua au ya betri, pamoja na kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Wenzangu husema kulanti ni ya nchi za barafu. Sisi hatuitaki kwa barafu, tunaitaka kwa kutu.

Jambo jingine ni temostati, valvu inayozuia maji yasipite rejetani mpaka injini ipate moto. Kuna fundi anayeing’oa na kuitupa, akisema hapa Pwani hakuna baridi. Injini isiyo na temostati hufanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyopangiwa, oili inakusanya masizi na silinda zinalika. Na kwenye baadhi ya injini sehemu ya maji huzunguka njia ya mkato bila kupita rejetani, kwa hiyo joto linazidi badala ya kupungua. Ukiishuku, itie kwenye sufuria ya maji na uichemshe: nyingi huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Isipofunguka, nunua nyingine.

Mapovu yanayopanda rejetani bila kukoma, injini ikiwa imewashwa ikiwa baridi, ni dalili ya gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Hapo hakuna mkato. Hedi itolewe, na kabla ya kurudishwa ipimwe unyoofu wake.

Hatua ya tano: umeme, yaani chumvi

Trekta la Nakuru na trekta la Mtwapa ni ndugu wa baba mmoja, lakini la Mtwapa waya zake huoza mapema. Upepo wa bahari hupaka chumvi kila palipo na chuma na shaba. Ndiyo maana stata “imekufa” mara nyingi kuliko inavyokufa kweli.

Kama stata haisemi lolote, hata kubofya, angalia usalama wa kuwashia. Massey 135 haliwaki mpaka wenzo wa gia nzito na nyepesi uwe katikati. Matrekta mengine hutaka klachi ikanyagwe. Kama stata inazunguka kivivu, chukua mita. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Piga stata uangalie: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki juu na stata bado ni mvivu, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya ardhi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, piga stata tena. Zaidi ya nusu volti maana yake waya wa ardhi umeoza. Ufungue pande zote mbili, piga msasa mpaka chuma king’ae, kaza, paka vaselini. Injini ikiwaka, chaji isome kati ya 13.8 na 14.4.

Hatua ya sita: lifti na haidroliki

Wenzo wa PTO tumeshauzungumzia. Baada yake, pima kiwango cha oili trekta likiwa mahali tambarare. Halafu angalia nyenzo mbili za lifti: mmoja wa kuweka kimo, mwingine wa kuipa plau uhuru wa kupanda na kushuka kulingana na ugumu wa udongo. Dereva aliyezoea chapa nyingine huzichanganya, kisha husema lifti inarukaruka.

Lifti inayopanda asubuhi na kukataa mchana, oili ikishapata moto, ina pampu au valvu zilizolika. Oili ikiwa nyepesi hupenya pembeni. Inayopanda vizuri lakini kushuka upesi ukizima injini ina ringi au mpira wa silinda uliochoka. Inayopanda kwa mishtuko inavuta hewa au chujio lake limeziba, na chujio ndilo la kuanza nalo.

Oili ikiwa na rangi ya maziwa, ina maji. Kwenye Massey mkosaji wa kwanza ni kile kiatu cha mpira kwenye shina la wenzo wa gia. Kikipasuka, mvua ya masika huteremka nalo mpaka kwenye giaboksi, na giaboksi na haidroliki hunywa chungu kimoja. Mpira ule ni bei ya chakula cha mchana. Watu huacha kuununua, halafu wakanunua oili ya giaboksi zima.

Trela la kubinua likikodishwa huku na kule huleta uchafu wa trekta jingine kwenye oili yako. Futa midomo ya paipu kwa kitambaa safi kila unapounganisha. Na usiingie chini ya plau au trela lililoinuliwa na haidroliki peke yake. Weka gogo au kigingi cha chuma, hata kama ni kukaza bolti moja.

Klachi na breki

Hapa ndipo kazi ya trela mjini inapowaua wanyama hawa. Shambani dereva hukanyaga klachi mwisho wa mstari. Kwenye foleni ya Kisauni huikanyaga kila baada ya hatua kumi, na katikati huacha kiatu juu ya kanyagio. Nafasi ya bure ya kanyagio ikiisha, beringi ya klachi inazunguka kutwa nzima na sahani zinateleza. Nyingi hutaka milimita 20 hadi 30. Soma kitabu cha trekta lako urekebishe kila mwezi.

Ukifika kulikata trekta katikati ili kutoa klachi, piga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu kabla ya kulegeza bolti ya mwisho, kwa sababu injini hukaa juu ya pini moja na itapinduka upande. Na ukishalifungua, usibadilishe sahani moja tu. Sahani zote, beringi ya klachi, beringi ndogo ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na sili ya nyuma ya injini ziende pamoja. Gharama kubwa ni ile ya kufungua. Usiilipe mara mbili.

Barabarani kanyagio mbili za breki zifungwe pamoja kwa lile komeo lake. Shambani zinatenganishwa ili kukata kona. Kwenye barabara ya Malindi ukikanyaga moja ukiwa na trela la mawe, trekta litageuka kabla hujajua.

Mbele ya trekta ni grisi tu. Pini ya katikati na bushi za magurudumu zipigwe kila saa 10 za kazi, mpaka grisi chafu itoke. Usipofanya hivyo utabadilisha ekseli.

Spea na spana

Massey za Kiingereza za zamani zina bolti za inchi. Spana ya 14 haingii kwenye kichwa cha inchi 9/16, ya 15 inakila. Inchi 1/2 inachukuliwa na 13 kwa shida, 3/4 inachukuliwa na 19 vizuri. Nunua seti ndogo ya inchi, na usikubali bolti ya milimita ilazimishwe kwenye tundu la inchi. Itakaza leo na kuvua meno kesho.

Beringi inunuliwe kwa namba iliyochongwa juu yake, si kwa jina la trekta. Kwa mfano 6206: tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, utapata tundu la milimita 30; nje ni 62, unene 16. Muuzaji wa spea za magari anaweza kuwa nayo ile ile kwa bei nafuu kuliko muuzaji wa trekta. Sili vilevile huuzwa kwa vipimo: ndani, nje, unene. Filta usinunue kwa macho. Shika mbili mkononi, ya kweli ina uzito, mpira wake ni laini, na karatasi yake imepangwa kwa wingi.

Injini ikilazimika kufunguliwa, kaa na fundi kwanza. Piga picha kila hatua kwa simu. Sema mapema kwamba vyuma vyote vya zamani vitarudi kwako. Na usinunue beringi za krankishafti kabla haijapimwa na mwenye mashine: zinauzwa za kiwango cha kawaida, halafu za kupunguzwa kwa inchi 0.010, 0.020 na 0.030, na shafti iliyokwishasagwa mara moja haina uhusiano na boksi ulilobeba kutoka dukani. Nimewaona watu wawili mwaka mmoja wakirudisha boksi zima, na muuzaji akakataa kwa sababu nailoni ilikuwa imeshachanika.

Ukitaka kununua kuukuu

Fika mapema na uguse injini kabla ya salamu kumalizika. Ikiwa ya moto, ameiwasha kukuficha namna inavyowaka ikiwa baridi. Mwambie utarudi kesho. Mita ya saa usiiamini. Tazama mpira wa kanyagio, tundu za mikono ya lifti na tundu la kuvutia trela: zikiwa za yai, trekta limefanya kazi kuliko mita inavyosema. Chini ya trekta tafuta rangi mpya. Rangi mpya mahali pamoja tu huwa imefunika ufa.

Msimu ukiisha

Osha trekta kwa maji matamu, hasa kama limekaa karibu na pwani, likauke juani, kisha paka oili nyepesi kwenye vyuma visivyo na rangi. Mwaga oili chafu ya injini sasa, si mwakani, kwa sababu asidi iliyomo itakaa ikila beringi miezi mitatu. Jaza tenki la dizeli. Fungua waya wa ardhi wa betri. Teremsha lifti mpaka chini.

Jambo la mwisho husahaulika na ndilo linaloleta simu za mwezi wa Machi. Katika unyevu wa huku sahani ya klachi hushikana na flaiwili kwa kutu. Kanyaga klachi mpaka chini, iegemeze kwa kipande cha mbao, na funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili atakayekuja kuliwasha akitoe kibao hicho kwanza.